Bastola kwenye kasha la udi

Khairiya shoga yangu, hebu nisikilize.

Wageni waja, nimefungua kasha la udi nifukize nyumba. Chini kabisa, bastola ya Mzamil! Mume wangu huyu huyu aliyeniapia kuwa huifungia kwenye sefu kazini Shimanzi.

Nimempigia simu. Ati, "Usiiguse, ina risasi."

INA RISASI, Khairiya!

"Lakini ina leseni, tena hapo hakuna anayegusa."

Hakuna anayegusa!

Nikamgeukia mamake, hata hakushtuka. "Nilijua, mwanangu. Tulikuficha usije ukaogopa."

Tulikuficha!

Kila Ijumaa mimi humtuma Aida wangu, mtoto wa miaka sita, aniletee udi. Humwambia atie mkono mpaka chini, ule mzuri uko chini. Na mamake Mzamil huwa amekaa papo hapo, atusikia, wala hasemi neno.