Neno Moja Lililombakia Shemeji Yako

Nyuma ya Soko la Samaki,
Kaiping, Guangdong.

16 Desemba 2018.

Mpendwa Dada Suyun,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwetu, nikitumaini kwamba karatasi hii itawakuta wazima wewe, Shemeji Guanting na watoto. Goti lako je? Huko Lima sasa mmeingia kwenye joto, labda limekuachia kidogo. Huku baridi ndiyo imebisha hodi, na mto umepungua mpaka watoto wanaokota konokono pembeni. Mimi mwili wangu ni mzima. Nalala, nakula, na vidole bado vinashika sindano.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini nyumba yetu unaijua. Nikishika simu, shemeji yako Yaozhong yuko pale pale kwenye kiti chake, anasikia kila ninachosema. Kile kiharusi kilimnyang'anya maneno na nguvu za upande mmoja, masikio na akili kilimwachia. Sasa hivi niko kwa jirani, Bi Huan. Nimemwambia Yaozhong ninakuja kumsaidia kukanda unga wa mchele wa sikukuu ya baridi, na unga wenyewe upo, Bi Huan anaukanda peke yake huku mimi nikikuandikia.

Uliniuliza mbona picha za harusi ya binti yetu Peishan nilizokutumia zinaishia asubuhi. Kweli, za karamu sikukutumia hata moja. Nilitaka kwanza nikueleze.

Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa na mdomo. Pale sokoni watu walikuwa wakinunua samaki wasiowahitaji ili tu wamsikilize. Na unakumbuka lile neno alilozoea kulitupa kila kitu kikimwudhi: samaki akiteleza, "kufa", akishindwa mchezo wa vigae, "kufa", supu ikimuunguza ulimi, "kufa". Mama yetu alikuwa akimkemea kwa ajili hiyo tangu siku ya posa. Basi, alipoanguka mwaka jana na kuamka, maneno yote yalikuwa yameondoka isipokuwa hilo. Daktari alituambia ndivyo inavyokuwa mara nyingi: yanabaki yale ambayo mdomo ulizoea kuyatoa bila kufikiri. Akitaka kusema chai, inatoka "kufa". Akitaka kusema asante, inatoka "kufa". Mwanzoni alilia. Baadaye tukazoea, mimi na Peishan, tukajifunza kumsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto mchanga. Likiwa refu na limepanda mwishoni, anataka chai. Likiwa fupi, ni ndiyo. Likitoka mara mbili polepole, anataka ukae karibu naye. Nakuhakikishia Dada, tulikuwa tukiongea jioni nzima.

Sasa fikiria neno hilo kwenye harusi, mahali ambapo hata meza ya nne hairuhusiwi kuwapo, inarukwa, kwa sababu katika lugha yetu nne na kufa ni sauti moja.

Mama Weitao, yaani mama yake bwana harusi, alikuja kwetu wiki chache kabla, peke yake, na mfuko wa machungwa. Usimfikirie vibaya. Mimi nilitaka kumfikiria vibaya nikashindwa. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, mkubwa wa Weitao. Siku ya harusi ya huyo mkubwa, mtu aliangusha bakuli likavunjika mbele ya maharusi, watu wakacheka wakasema ni bahati. Hakumaliza mwaka, lori lilimgonga akiwa kwenye pikipiki. Mama Weitao alinisimulia hayo akiwa ameshika chungwa bila kulimenya. Halafu akaniomba kwamba mume wangu akiwa ukumbini asifungue mdomo, na kama hawezi, basi abaki nyumbani.

Yaozhong alikuwa chumba cha ndani, na pazia letu ni lile lile jembamba.

Peishan aliporudi kazini nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba asipokaa meza kuu, mimi sivai hilo gauni. Wamwoe mwingine." Nikabaki katikati. Nilikuwa na mama aliyezika mtoto, nina mtoto anayeolewa, nina mume anayesikia yote nyuma ya pazia, na hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwa na haki.

Aliyetutoa hapo ni Yaozhong mwenyewe. Alitoka akiburuta mguu, akasimama mbele ya binti yake, akaweka vidole viwili juu ya midomo yake, akaifunga. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Tangu siku hiyo alianza kujizoeza. Nikimpa chai, anainamisha kichwa. Likimponyoka, anajipiga paja kwa hasira. Nilimwona akifanya hivyo, Dada, nami nikawa namsifu, kwa sababu ningefanya nini kingine?

Asubuhi ya harusi ilienda vizuri, picha hizo umeziona. Weitao alikuja na marafiki zake, mashoga wa Peishan wakamfungia mlango wakamtaka aimbe, akaimba vibaya, mmoja akamwambia, "Kwa sauti hiyo, shemeji, rudi tu nyumbani ukalale." Tulicheka. Walipotupigia magoti kutupa chai, Yaozhong alikuwa na plamu kavu ya chumvi mdomoni. Hiyo ilikuwa fikra yake mwenyewe, mdomo upate kazi ya kufanya. Alipokea kikombe, akanywa pembeni ya ile plamu, akampapasa binti yake kichwani. Hakusema kitu. Mama Weitao alinitazama kwa macho ya shukrani, nikajisikia kama nimeweka tani moja ya mchele chini.

Jioni ukumbi ulijaa. Ungekuwepo ungesema wamealika wilaya. Nguruwe mchanga aliletwa mzima, ngozi inameremeta, wahudumu wakiingia kwa foleni na muziki juu. Ikafuata supu, uyoga, kuku na kichwa chake, kisha samaki wa mvuke aliyefunikwa tangawizi na vitunguu vya majani. Yaozhong alimgeuza yule samaki kwa kijiti, akamkagua shavuni, akakunja uso. Nikajua anasema huyu ni wa jana. Nilimwekea ubavu kwenye sahani, akala kwa shida kwa sababu ya plamu. Nilianza kuamini kwamba tutafika.

Maharusi walikuwa wakipita meza hadi meza kunywa na wageni. Walipofika kwetu, Peishan alikuwa ameshabadilisha, amevaa lile gauni jekundu la dragoni, bangili za dhahabu zimempanda mpaka karibu na kiwiko. Baba yake hanywi pombe siku hizi, basi akammiminia chai. Alitakiwa kusema maneno yale ya kawaida. Yeye akainama mpaka sikioni kwake akasema, "Baba, nilikuwa nikidhani ukinyamaza itaniuma kidogo tu. Imeniuma siku nzima."

Yaozhong alitoa ile plamu mdomoni akaiweka pembeni ya sahani.

Nilijua. Nilimshika mkono wa koti, nikavuta. Mkono wake mzima bado una nguvu za muuza samaki, aliuondoa wangu taratibu, bila hasira. Akasimama kwa kujishika meza. Na hapo mshereheshaji, kijana wa kukodi kutoka mjini ambaye hakuna aliyemweleza habari zetu, akaona baba wa bibi harusi amesimama. Akafurahi. Akatangaza kwamba sasa tutapata neno la baba, akakimbia na kipaza sauti akakiweka mbele ya midomo yake. Nilinyoosha mkono nikizuie. Sikukifikia.

"Kufa," alisema shemeji yako.

Alilisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Peishan akiwa wa kubebwa, ile aliyokuwa akimbembelezea. Kisha akaendelea. Dada, alihutubia. Sauti ilipanda, ikashuka, ikatua kama mtu anayemaliza sentensi, akavuta pumzi, akaanza nyingine, akamgeukia Weitao akaongea naye kidogo, akamgeukia Mama Weitao akamwinamia kama anayemkabidhi kitu cha kuvunjika. Mimi nilisikia kila kitu. Alisema mtunzeni, ana hasira za asubuhi lakini hazifiki mchana. Alisema nawashukuru. Alisema mkae mpaka nywele ziwe nyeupe. Lakini katika vipaza sauti vya ukumbi ule, watu wote wale walisikia neno moja tu, linarudiwa, linarudiwa, linarudiwa.

Vijiti vilisimama. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, mama mtu mzima, akasema kwa sauti kubwa, "Tema mate, useme upya." Si kwa ubaya. Ndivyo tunavyowaambia watoto wakiropoka neno la mkosi. Yaozhong akamsikia. Akachukua kitambaa, akatemea mate kwa utiifu, akajiweka sawa, akajaribu kusema upya.

Likatoka lile lile.

Vijana wa meza ya nyuma waliangua kicheko. Ndipo nilipouona uso wake unaelewa. Alikuwa amesahau. Kwa muda ule mfupi alikuwa amesahau kabisa kwamba watu hawamsikii kama sisi tunavyomsikia.

Peishan alipiga magoti pale pale, na gauni lote lile, akamshika baba yake magoti. "Nimesikia, Baba. Yote," alisema. Weitao alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Mwishowe akanywa kikombe chake chote, akapiga magoti naye. Namheshimu kwa hilo. Lakini kiti cha mama yake kilikuwa tayari kitupu.

Nilimfuata. Nilimkuta nje, karibu na matangi ya samaki wa ile hoteli, ameketi kwenye kiti kidogo cha wahudumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikaketi kwenye kreti kando yake. Alisema, "Mama Peishan, sina hasira naye. Nilimwona alivyonitazama. Naogopa tu, sijui nitaacha vipi kuogopa." Tukakaa hivyo, wanawake wawili waliovaa hariri, tunatazama samaki wakifungua na kufunga midomo, mpaka tukasikia wageni wanaanza kuondoka. Tambi za maisha marefu zililetwa wakati nusu ya meza ziko tupu. Supu tamu ya maharage mekundu karibu hakuna aliyeionja.

Huo ni mwezi mmoja uliopita. Mama Weitao amepeleka ubani kwenye mahekalu yote ya karibu. Ameiuza pikipiki ya Weitao bila kumuuliza. Kijana akichelewa kazini kidogo, simu inaita, na ikikosa kujibiwa, anampigia Peishan akilia. Peishan anasema hajawahi kuambiwa neno baya katika nyumba ile, na kwamba angependa aambiwe, kuliko kutazamwa vile kila Weitao anapofunga viatu. Nikimwambia ni woga tu, utapita, naona mwenyewe kwamba sijui ninachosema. Nami sasa nikisikia king'ora barabarani moyo unanipaa. Woga wa mwenzangu umeniingia.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni shemeji yako. Dada, amenyamaza. Hilo neno moja nalo amelifungia. Juzi chai ilimwagika mapajani mwake, ya moto kabisa, akakunja uso, machozi yakatoka, sauti hakutoa. Daktari anasema mdomo usipotumika utasahau na hicho kidogo. Nimembembeleza. Nimemkasirikia. Nimemwimbia zile bei za samaki alizokuwa akizipigia kelele sokoni. Siku moja nilifunga mlango nikamwambia mimi mwenyewe, "Kufa, kufa, kufa, unaona? Dari haijaanguka." Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akageukia dirishani. Peishan akipiga simu, baba yake anaishika, anasikiliza mpaka mwisho, ananirudishia.

Mimi niliyemsifu kwa kunyamaza, sasa jioni nakaa naye nikisubiri hata lile fupi la ndiyo. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jokofu la Bi Huan kupitia ukuta.

Ninakuomba kitu kimoja. Wewe peke yako ndiwe uliyekuwa ukimweza kwa maneno. Alikuwa akikuita Jemadari, nawe ukimwita Kambale, na mlikuwa mkitukanana sebuleni mpaka Mama anatoka nje. Mpigie simu. Usimpe pole, usimuulize afya, wala usimweleze kwamba nimekuandikia. Mchokoze. Mwambie samaki wake siku zote walikuwa wa jana. Mwambie lolote litakalomuuma. Nami nitatoka niende jikoni.

Nisalimie sana Shemeji Guanting, na mwanao Kaiwen na mkewe, na umbusu yule mdogo Rosaura ambaye sijamwona ila kwa picha. Bi Huan anakusalimu, mikono yake imejaa unga. Mizimu ya wazee wetu iwalinde huko ng'ambo, mlango wenu usikose wageni, na goti lako likupeleke unakotaka.

Na akikujibu kwa lile neno, Dada, usikate simu. Msikilize mpaka amalize.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hana mwingine wa kumwambia haya,

Suqing