Nyumba ya Wiki Moja na Kadi Yako ya Dhahabu

Mke wangu Mama Kulwa,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini kwetu mtu hafungui mdomo kusema shida zake kabla hajasalimia, na mimi nina shida. Nakuandikia nikiwa barazani, nyumbani kwetu Bariadi. Dotto ameenda sokoni. Wiki yetu ya pwani imeanza na mimi nipo hapa.

Watu wengine wataisoma barua hii, na nimekubali waisome. Wapo waliotucheka kwa sababu ya ile nyumba, na wapo wengine ambao hawajui hata ninazungumzia nini. Kwa hiyo nitasema taratibu, nawe unisamehe kwa kukukumbusha unayoyajua.

Unakumbuka msimu ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika tangu ujana, wewe ulikuwa kwenye mizani pale Nkoma, ukipima mizigo ya wakulima huku mapacha wakicheza juu ya magunia. Kabla ya mvua kurudi mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini, na wewe umechukuliwa na kampuni mpya ya kuchambua pamba. Msimu uliofuata wakakufanya msimamizi wa ununuzi. Watu walitegemea nitanuna. Hukunionea huruma wala hukunisimanga. Ulisema tu kwamba shamba letu la Nkoma sasa limepata mwenyewe, ukanikabidhi jembe kama mtu anayekabidhi ofisi. Nilicheka siku ile, lakini ndani nilikuwa nimevunjika, na nadhani ulijua.

Kampuni ikaanza kukuita Dar es Salaam kwenye mikutano. Walikulaza katika hoteli kubwa, zile mpya zenye lifti za vioo. Safari ya kwanza ulirudi ukanisimulia taulo, jinsi zilivyokuwa nzito hata ikabidi uikamate moja kwa mikono miwili. Safari zilizofuata hukusimulia tena taulo, ulisimulia kadi. Kila ulipolala pale walikuandikia pointi, na pointi zilipofika mahali wakakupa kadi ya dhahabu. Mwenye kadi hiyo alikuta sahani ya matunda chumbani. Alipandishwa kwenye chumba kikubwa kuliko alicholipiwa. Aliruhusiwa kukaa hadi jioni siku ya kuondoka, wakati wengine wanatolewa na mizigo yao saa nne asubuhi. Na aliruhusiwa kumleta mwenza wake bila malipo ya ziada.

Ndivyo nilivyofika pale mara ya kwanza, kama mwenza. Binti wa mapokezi alikukaribisha kwa jina, akakuuliza habari za pamba, kisha akanitazama mimi na kukuuliza kama mzee huyu ni mgeni wako. Ukasema ndiyo, ni mgeni wangu, tena wa kudumu. Mlicheka wote wawili. Mimi nilibeba begi.

Katika safari hiyohiyo ndipo walipotualika kwenye chakula cha mchana. Walikuwa wakialika watu wa ndoa, mume na mke pamoja, kwenda kuangalia nyumba zilizojengwa pwani, nje kidogo ya jiji. Tukala samaki. Kijana mwenye tai akatueleza kwamba hatununui nyumba, tunanunua wiki ndani ya nyumba. Wiki moja kila mwaka, nyumba ileile, mwezi wa tano, maisha yetu yote, na tukifa inakwenda kwa watoto. Wewe ulimsikiliza ukiwa umeegemeza shavu mkononi. Mimi nilikuwa nimeshanunua moyoni kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeshanyang'anywa kiti nilichokalia nusu ya maisha yangu, na huyu ananiambia kuna mahali ambapo kila mwaka, wiki ile, hakuna mtu anayeweza kuniambia niinuke. Nikauza ng'ombe wa urithi wangu. Kaka yangu Masanja alikuja kutoka Lalago kuniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza mgonjwa.

"Na hizo wiki nyingine, nyumba inakuwa ya nani?"

Nikamwambia ni ya wenye wiki zao. Akaondoka akisema mdogo wake amenunua zizi la kulaza ng'ombe wa watu.

Lakini maneno niliyoyabeba ni yako. Siku ile ya kwanza ulizunguka vyumba vyote, ukafungua kabati, ukakuta sufuria, mwiko, sahani na ufagio. Ukasimama katikati ya ile nyumba.

"Baba Kulwa, umeninunulia jiko lingine."

Hukusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniingia. Nilikuwa sijawaza. Hotelini ulikuwa unapumzika kwa sababu hakuna aliyekutegemea hata umwoshee kikombe. Mimi nikakutoa huko nikakuleta kwenye nyumba yenye jiko. Nikakuahidi kwamba katika wiki yetu nitapika mimi. Na nilipika. Ugali wa siku ile ulikuwa na madonge, na samaki nilimbandua kwenye sufuria vipande vipande. Ulikula ukiwa barazani, miguu umeipandisha kwenye kiti kingine, jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya mchana tangu tuoane. Yule mama wa Moshi, jirani yetu wa nyumba ya pili aliyekuja wiki ileile kila mwaka, aliniona na aproni akamwita mumewe atazame. Ukanishukuru, "Wabeja, Baba Kulwa," kisha ukaniomba maji ya kunawa, nikakuletea.

Tangu hapo ubishi wetu ukawa mmoja, tukaubeba kwenye treni kutoka Shinyanga mwaka baada ya mwaka hadi abiria wengine wakachagua upande. Wewe ulisema hoteli inakumbuka kila ulipokuja na inakurudishia kitu, wakati ile nyumba inadai ada ya matunzo hata mwaka ambao hukukanyaga. Ulisema hotelini ukichoka na mji unabadilisha, lakini ile nyumba imetufunga kamba mguuni, bahari ileile, kochi lilelile. Mimi nilisema hoteli inakupenda ukiwa njiani tu, siku ukikaa kwenu haikujui. Ukasema na hiyo nyumba yako inakupenda mwezi wa tano tu. Abiria walicheka. Tukashuka Dar tukiwa tumenuniana kidogo, na kufika jioni tumesahau.

Sote wawili tulisema kweli, mke wangu. Ningependa mmoja wetu angekuwa amekosea.

Ulipoanza kukonda tulidhani ni kazi za msimu. Msimu ule mvua iliharibu pamba, ulishinda juu ya magari kutoka Itilima hadi Mwamanyili. Kisha ukawa huwezi kumeza ugali. Mwanza wakasema uvimbe, wakatuandikia kwenda Dar. Tulikwenda mwezi wa kumi, na daktari akasema utachomwa mionzi kwa wiki kadhaa, hulazwi, unakuja asubuhi na kurudi mnakofikia. Akauliza tunafikia wapi. Watu wa Bariadi, wenye nyumba ya pwani na kadi ya dhahabu, tukakosa la kumjibu daktari.

Mimi nilidhani utachagua hoteli. Ulikuwa na pointi zako, na nilijua jinsi unavyopenda zile shuka. Ukakataa. Ulisema unataka kwenda kwetu, kwenye ile nyumba. Nikakuuliza kwa nini leo, wewe uliyeiita jiko.

"Pale hotelini wananijua," ukasema. "Sitaki wanione hivi."

Basi nikakuacha kwa jamaa yetu wa Temeke, nikaenda peke yangu. Meneja alikuwa binti mtaratibu, aliyesoma vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia wiki yetu ni ya mwezi wa tano, na mwenye kutaka kubadilishana anaomba mwaka mmoja kabla. Nikamwambia ugonjwa haukutuomba mwaka mmoja kabla. Akainamisha kichwa.

"Mzee wangu, siwezi kumtoa mtu kwenye wiki yake. Hata wewe usingekubali nikutoe."

Ni kweli, nisingekubali. Ndicho nilichokinunua. Nikapita mbele ya nyumba yetu nikaona nguo za watoto zimeanikwa barazani, na mwanamme wa makamo amekaa kwenye kiti chako anasoma gazeti. Alinisalimu kwa adabu, nikaitikia. Yule meneja aliniletea glasi ya juisi baridi kabla sijaondoka, nami nikainywa yote nikiwa nimesimama. Sijui kwa nini jambo hilo linaniuma kuliko mengine, kwamba niliinywa nikashukuru.

Ikabaki hoteli. Nilipiga simu, wakasema kwa kuwa mwaka huo hukusafiri, kadi imeshuka kutoka dhahabu hadi ile ya kawaida. Pointi zako zipo, utalala, lakini hakuna kupandishwa chumba wala kukaa hadi jioni. Sikukuambia. Nilisema tu chumba kipo.

Uliingia ukiwa umejifunga kitenge kichwani, umenishika mkono. Alikuwepo binti yuleyule wa mapokezi. Alinikumbuka mimi. Akanikaribisha kwa furaha, akaniambia kitabu kina jina langu pia, niweke sahihi tu. Kisha akatazama nyuma yangu, akapita juu ya kichwa chako kwa macho, akauliza.

"Na Mama mwenyewe? Hajaja safari hii?"

Ulikuwa umesimama pale. Bega lako lilikuwa limegusa bega langu. Niliinama nikaweka sahihi kitabuni, mke wangu. Mimi niliyezoea kubishana treni nzima. Wewe ndiye uliyejibu, tena kwa sauti ya kawaida.

"Hajaja. Mimi ni dada yake. Anawasalimu sana."

Binti akasema mwambieni tumem-miss, tena kwa moyo wake wote, akatupa ufunguo. Chumba kilitazama ukuta na mashine za umeme. Ulilala juu ya kitanda bila kuvua viatu, nikavivua mimi. Baada ya muda ukasema shuka zao bado ni nzuri. Nikakaa pembeni nikasikiliza zile mashine. Sikuwa na mwiko, sikuwa na moto, sikuwa na kitu chochote cha kukufanyia. Nilikubembeleza unywe uji wa hoteli na ulikataa kwa heshima, kama unavyomkatalia mhudumu.

Mionzi hatukuimaliza. Daktari alisema turudi nyumbani, na sote tulielewa alichosema. Tulikulaza Nkoma, kando ya shamba, kabla ya mwezi wa tano kufika.

Mwaka wa kwanza nilisema ni msiba. Mwaka huu mapacha walisema niende. Kulwa ana mtoto mchanga Maswa, hawezi kusafiri, na Dotto yuko kazini, lakini alinikatia tiketi, akanipangia begi, akanisindikiza stendi kupanda basi la Shinyanga. Nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimenyoa ndevu. Kondakta akachukua begi, akafungua mlango, na mguu wangu ukakataa kupanda. Sikulia wala sikuumwa. Nilisimama tu nimeshika lile bomba la mlangoni, watu wakapita ubavuni mwangu wakaingia, hadi kondakta akanirudishia begi kwa upole na basi likaondoka. Tulirudi kwa miguu, Dotto akafungua begi, akarudisha nguo kabatini moja moja.

Jana yule meneja alipiga simu kuuliza kama tuko njiani. Nikamwambia hatuji. Nikamwomba ampe mtu mwingine nyumba, hasa kama kuna mgonjwa anayetafuta mahali pa kufikia. Akasema anasikitika, wiki ikiwa na mwenyewe haruhusiwi kuingiza mtu. Kwa hiyo wamefagia, wametandika kitanda, wamefungua madirisha, na hakuna mtu ndani. Itakaa hivyo hadi wiki iishe. Nimejaribu kuwaza la kufanya tangu asubuhi, Mama Kulwa, na sijaliona.

Lala salama, mke wangu.

Mumeo,
Baba Kulwa