Makande Bila Chumvi

Jumatatu, 3 Machi
Makande motoni tangu alfajiri. Mahindi magumu mwaka huu. Nimetia magadi, sasa yanalainika. Chumvi hakuna, hata punje. Wiki ya sita hii tangu daktari aikataze. Baba Neema kaonja, kakunja uso, kasema hiki ni chakula cha wagonjwa. Nikamwambia na wewe ni mgonjwa, kula. Ana presha mume wangu, ila anajiona kijana kwa kuwa bado anapanda mlima hadi shambani bila kuhema. Anahema. Namsikia.

Jumatano, 5 Machi
Tumeshuka Same, kliniki. Presha imepanda. Daktari kampima kiuno kwa futi kama ya fundi cherehani. Baba Neema akacheka, akasema hicho ni kitambi cha heshima. Daktari hakucheka. Sukari imeanza kupanda. Mafuta yamezidi kwenye damu. Tumbo kubwa. Presha juu yake. Alisema kila kimoja ni kibaya, lakini vikikutana vyote kwa mtu mmoja, moyo na ubongo viko hatarini. Akauliza habari ya chumvi. Nikaapa kwamba kwangu haiingii. Akamtazama Baba Neema kama anayemtafuta mwizi. Na mimi nikamtazama hivyo hivyo.

Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Nimepekua koti lake, natafuta chumvi. Hamna kitu. Nikamwuliza anakula wapi huko nje. Akasema hali popote. Nikamwita mwongo. Nikamwambia ananiaibisha kwa daktari, na yuko radhi kuniacha mjane kwa ajili ya supu ya mbuzi. Wifi yangu alikuwepo, dada yake wa kuzaliwa, na sikujali. Baba Neema akachukua Biblia yake, akatangulia. Kanisani tumekaa benchi moja, hatukusemezana.

Ijumaa, 21 Machi
Zahanati wamempima. Bado iko juu. Daktari wa Same kaongeza vidonge kwa simu. Siku hizi haendi kijiweni kabisa. Anashinda uani, mahali ninapomwona. Anamaliza sahani yake, anaiosha mwenyewe. Kaacha sukari kwenye chai. Kapunguza na maneno. Nilipaswa kufurahi.

Jumamosi, 5 Aprili
Kaanguka shambani. Saa tatu asubuhi, katikati ya maharage. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia haushiki. Majirani wamembeba kwa machela hadi barabarani, mvua inanyesha, njia inateleza, mara mbili nusura wamwangushe. Kiharusi. Tuko hospitali. Hawezi kusema. Ananitazama tu.

Jumanne, 8 Aprili
Naandika kwenye benchi la nje ya wodi.

Leo muuguzi mmoja, msichana wa Kipare, kaniamkia, kakaa karibu yangu na daftari. Anataka kujua chakula cha nyumbani chote. Nikamweleza. Ugali, mboga za majani, makande karibu kila siku.

“Makande mnapikaje, mama?”

Nikamwambia kama kila mtu. Mahindi, maharage, magadi ya kulainishia.

Akaacha kuandika. Akasema taratibu kwamba kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kwenye magadi nacho kimo. Akasema yalikuwepo na mengine, sukari, mafuta, lile tumbo, nisijibebeshe yote. Hata kwao bibi yake hupika hivyo hivyo.

Hakuna aliyewahi kuniuliza magadi. Na mimi nisingeyataja. Nani anayahesabu magadi kuwa chumvi? Makande yalipokuwa hayana ladha, nilizidisha, yaive laini, apate hamu ya kula. Kwa mkono wangu huu. Najichukia.

Mchana niliingia nikamwambia yote sikioni. Nikamwomba anisamehe. Alifumba macho, akayafumbua. Sijui kama alisikia.

Alhamisi, 10 Aprili
Baba Neema amefariki. Saa nne asubuhi.

Jumatatu, 14 Aprili
Tumemzika juzi. Mchungaji alisema mbele ya watu wote kwamba mke huyu alimtunza mumewe, alimpikia chakula chake kwa mkono wake mpaka mwisho. Watu wakaitikia. Neema akanishika bega. Nilitamani ardhi inimeze. Nimemweleza Neema habari ya magadi. Akasema, “Mama, hukujua.” Kweli sikujua. Haisaidii.

Jumatano, 23 Aprili
Wageni wameondoka. Mvua imepumzika. Nimeshuka kupalilia maharage yake, magugu yalishaanza kuyameza. Nimefanya kazi tangu asubuhi, peke yangu, vizuri tu.

Nikiwa nimeinama ndipo jambo liliponijia. Pale hospitali nilimwomba msamaha kwa nilichokipika. Kwa kumwita mwongo sikumwomba. Sikulikumbuka hata kidogo. Na yeye alikuwa anasema kweli, tangu mwanzo, na alijua anasema kweli, na akaendelea kula makande yangu.

Nimekaa chini kidogo kwenye tuta. Kisha nikaendelea. Imebaki mistari minne ya maharage, nitaimaliza kesho.