Nije Tubishane Kabla Sauti Haijaisha

Mama mpendwa,

Nawasalimu wewe na Baba, nikitumaini kifua chako kimetulia sasa baridi ya Sironga imepungua. Ndizi za nyuma ya nyumba mliwahi kuziwekea nguzo kabla ya upepo? Mimi huku Mombasa nakula, nalala, na kazini naenda. Miguu na mikono yangu ni mizima.

Shida ni ulimi. Siku ile uliponiuliza kwa simu, "Kerubo, umekunywa nini?" nikakata, sikuwa nimekasirika. Niliogopa. Sijaonja pombe, Mama. Maneno yamekuwa mazito mdomoni, na wateja dirishani huniambia nirudie. Nimepimwa hospitalini, na daktari anasema ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Hauambukizi. Hakuna aliyenifanyia kitu, kwa hivyo tafadhali asitafutwe mtu. Dawa ya kuuponya hakuna. Sauti itazidi kupungua, mpaka siku moja nisiweze kusema.

Nisamehe kukuambia kwa karatasi. Kwenye simu ningelia, na nikilia sieleweki hata kidogo.

Kuna jambo moja la kufanya mapema. Mtaalamu wa usemi alinishauri nirekodi sentensi zangu kwenye simu, ili baadaye nikibonyeza, simu iseme kwa sauti yangu mwenyewe. Nikajifungia ofisini saa ya chakula, nikarekodi kwa Kiswahili safi. Kisha nikamsikilizisha Bosibori, karani mwenzangu anayetoka Keroka, Mgusii kama sisi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wee Kerubo! 'Naomba unisaidie maji, tafadhali'? Kwani mama yako ni mteja? Atafikiri unataka kitambulisho chake!"

Nilicheka naye. Ni kweli. Wewe na mimi hatuongei Kiswahili ila mgeni akiwepo, au kwa barua kama hii. Nikajaribu tena kwa Ekegusii, lugha yetu, peke yangu chumbani. Nikasalimia, "Bwakire", kisha nikabaki kuitazama simu, kwa sababu hapakuwa na wa kuniitikia.

Kwa hivyo nimeomba likizo. Nitafika Ijumaa hii inayokuja, kabla ya Sabato kuingia. Nitaweka simu juu ya kabati la jikoni irekodi, nasi tumenye ndizi tukiongea. Baba akisema kurekodi siku ya Sabato ni kazi, tutangoja Jumapili, ingawa ningependa tusingoje sana.

Naomba kitu kimoja tu: usiniongeleshe polepole kama mgonjwa. Nigombeze juu ya sketi zangu. Niulize nitaolewa lini. Sema chumvi imezidi, nami nikujibu vile ninavyokujibu siku zote, mpaka useme nina mdomo. Nataka kubaki na mdomo huo. Nataka hata kile kicheko unachosema ni cha wanaume. Ukinihurumia, nitajibu kwa adabu, na hiyo haitakuwa sauti yangu.

Ukitaka kulia, Mama, lia sasa ukisoma hapa. Mimi nimeshalia huku.

Umweleze Baba taratibu, akishakula. Umsalimie Nyanya, umwambie nakuja kusikia habari zote za majirani. Na Nyakundi, kaka yangu, asiache kunitania. Yeye ndiye hunifanya nipige kelele.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anaongea,

Kerubo