Pistoni ya Shemeji Masanja

Mkuyuni, Jumapili, 1996

Na bado anasema mimi ndiye niliyeua injini yake. Mimi, niliyefunga lori la pamba kwa waya wa kuanikia nguo likafika Shinyanga linaimba.

Ile chupa ya gesi ya kuongeza mbio za gari, shemeji Masanja aliileta mwenyewe kutoka Nairobi. Nikamwambia, "Shemeji, gesi hii ni kama hewa ya ziada. Ikiizidi petroli, moto unakuwa mkali, unayeyusha pistoni. Tuongeze petroli." Nikatoa jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, nikaweka nyingine yenye tundu pana, tukajaribu na gesi, nikafungua plagi. Zilikuwa za kahawia. Salama kabisa. Moshi ulitoka mweusi kidogo, basi.

Leo, kabla ya mashindano, ule moshi ukamuuma. Akafanya kama wenye pikapu wote wa mji huu, akabana mafuta: akarudishia jeti ya zamani, ile yenye tundu dogo. "Linakula mno," eti. Kufika Buzuruga akafungulia gesi. Pistoni imetoboka, kidole changu kinapita.

Akaniita fundi baiskeli mbele ya watu. Dada yangu, mkewe, alimwona akibadilisha ile jeti. Nikamgeukia aseme, akainama kufunga kitenge. Dada wa tumbo moja, halafu...

Nikisema nilimfukuza simba kwa spana, watu hucheka, nami nacheka. Leo nimewaeleza kweli tupu, neno kwa neno. Wamecheka vilevile.