Mabasi ya Mwalimu Yaliyolowa

Huruma, Eldoret
Jumapili mchana

Mama Mutheu mpenzi,

Kabla ya yote, goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulisema maumivu yamepungua, lakini nakujua, ungesema hivyo hata kama unatembea kwa kushika ukuta. Na mbaazi, zimeshika maua ama jua limezichoma? Mimi ni mzima. Huku inanyesha kila alasiri, na chumba changu kina baridi ya kunilaza na soksi. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na habari hii nataka uimalize yote kabla hujanigombeza.

Kwanza ile nzuri. Nimepandishwa cheo. Tangu mwanzo wa mwezi mimi ndiye karani mkuu wa ghala katika kampuni yetu ya vifurushi. Kila mzigo unaoingia Eldoret unapita mikononi mwangu kabla ya kumfikia mwenyewe. Meneja aliniita akaniambia, "Musyoka, yule alikuwa hapa mbele yako alikuwa anaamini kila mtu, ndio maana vitu zilikuwa zinapotea. Wewe huamini mtu. Hii kazi ni yako." Nilitoka pale kichwa kimevimba. Umekuwa ukiniambia kwamba shuku zangu zitanikosesha marafiki, nami siku hiyo nikasema moyoni, basi leo zimenipa kiti.

Sasa sikiliza. Kuna mzee wa hapa hapa, mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Kimumu, ambaye hukusanya mifano ya mabasi. Si ya watoto kuchezea. Ni mabasi madogo ya mbao nyembamba na karatasi ngumu, yametengenezwa kufanana kabisa na yale yaliyokuwa yakipita barabara hii zamani. Yana rangi zile zile na maandishi yale yale, hata ngazi ya kupandia kwenye keria ya mizigo juu ya paa ipo. Anayatengenezewa na fundi mmoja wa Nakuru ambaye sasa macho yamefifia, na haya kumi na mawili ndiyo ya mwisho aliyoweza kuyafanya. Mwalimu alikuwa amekuja ofisini mara mbili kuuliza kama yamefika. Nilijua mzigo huu ukiharibika, cheo changu hakitamaliza mwezi.

Dereva aliyeuleta ni Kiprono. Nimeshakueleza habari zake, ni yule mtu wa Cheptiret tunayekula naye mchana, ndiye aliyenipeleka hospitali nilipougua taifodi. Aliingia uwanjani akiwa amechelewa, na hakushuka akipiga kelele kama kawaida yake. "Ng'ombe iliruka kwa barabara nikitoka Cheptiret," aliniambia. "Nimeshika breki mizigo zote zikaenda mbele. Angalia ile ya mwalimu, naona imelowa." Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake.

Mizigo ya Nakuru hutiwa katika katoni, kisha katoni hushonewa ndani ya gunia kwa kamba ya bluu. Huu ulikuwa umeshonwa kwa bluu pande tatu, na upande wa nne kwa uzi mweusi. Nikaufungua mbele ya meneja, maana ndivyo sheria inavyotaka. Maranda yaliyozunguka mabasi yalikuwa yamelowa chapachapa, gundi imeachia, mapaa yamebanduka, rangi zimeingiliana. Kila mahali kulikuwa na vipunje vyeusi mfano wa masizi, na harufu ya moshi iliyochanganyika na uchachu ambayo sikuijua. Nikahesabu mara mbili. Mabasi yalikuwa kumi na moja.

Hapo akili yangu ikaanza kukimbia. Uzi mweusi, basi moja halipo, na umajimaji wenye harufu kali. Nikajiambia, huyu amefungua, amechukua moja la kuuza, kisha amemwaga dawa fulani ili ionekane ni ajali. Na ng'ombe gani huyo, ikiwa trei tatu za mayai za mteja mwingine zilifika bila hata yai moja kupasuka? Kiprono alipoenda kunywa chai, nilichukua ufunguo nikapekua gari lake. Chini ya kiti, ndani ya sweta yake, nililikuta lile basi la kumi na mbili. Halikuwa na hata mkwaruzo.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeona sawa. Nilipiga picha basi, sweta na ule mshono, nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikatumia neno "wizi" na nikatia sahihi. Meneja alimsimamisha kazi siku hiyo hiyo. Kiprono aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama, akaweka ufunguo mezani, akaenda zake. Nikasema, umeona sasa, asiye na kosa angepiga kelele.

Kesho yake mimi mwenyewe nilimpelekea mwalimu mabasi yake. Aliinamia katoni, akanusa, kisha akanitazama.

"Dereva alikuwa nani?"

"Mtu wa Cheptiret, Mzee. Tumeshamtoa."

"Na alisema nini?"

"Hakuwa na la kusema."

"Wewe umekaa Eldoret miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu na hujui hii harufu?" Nikamwambia tunashuku ni dawa. Alitikisa kichwa, akasema hatatia sahihi karatasi yoyote ya malalamiko mpaka aletewe huyo dereva amsikie. Utacheka, Mama Mutheu, lakini nilitoka Kimumu nikimshuku hata mzee wa watu. Niliwaza labda wamepanga pamoja ili kampuni imlipe.

Alhamisi akaja mwanamke mmoja ghalani, mtu mzima, ametoka sokoni na kikapu chake. "Wewe ndio Musyoka?" akaniuliza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mimi ni mama ya Kiprono. Nimekuja kuchukua kibuyu yangu. Ile maziwa ilikuwa tamu?"

Nikamuuliza maziwa gani.

"Si ile mursik nilikutumia! Kiprono alisema rafiki yake amepewa kazi kubwa na hana mama huku. Nikasema hapana, mtu amepata heshima lazima apokewe na maziwa. Nimeweka kwa kibuyu wiki mzima, nikatumia mkaa ile nzuri. Akipita na gari nikampatia, nikamwambia chunga, usiangushe. Akaona mahali iko salama ni kwa ile katoni ya maranda. Akatoa gari moja ndogo, akafunga na sweta yake ndio isivunjike, akaweka kibuyu hapo katikati. Mimi ndio nilishona gunia na uzi yangu."

Alisema yote hayo akitabasamu. Hakujua lolote. Kiprono hakuwa amemwambia.

Unanijua mimi na vyakula vya watu. Miaka mitatu hii kila nilipokaribishwa mursik, maziwa yao ya mgando yanayotiwa mkaa, nilisema tumbo langu halipatani na maziwa, kumbe nilikuwa naogopa vile vipunje vya mkaa, nikijiuliza wametia nini. Mtu yeyote wa hapa angenusa gunia lile akajua ni kibuyu kilichoruka kizibo kwa breki. Na mayai hubebwa mbele kwenye kiti, hilo nalo nililisahau. Mtoto wa nasari angejua. Mimi nikaandika dawa. Na Kiprono angewezaje kujitetea? Angelazimika kusema mbele ya meneja kwamba zawadi yangu ndiyo iliyoharibu mzigo, wiki mbili tu baada ya mimi kupewa kiti. Nilitazama uso wa yule mama, nikashindwa. Nikamwambia, "Ilikuwa tamu sana, Mama. Kibuyu nitakuletea." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nilienda moja kwa moja kwa meneja nikafuta neno langu. Alisema shtaka la wizi limefutwa, lakini kufungua mzigo wa mteja bado ni kosa, na Kiprono atarudi tu ikiwa mwenye mzigo atamsamehe. Basi nikaenda chumbani kwake, ni mtaa wa nyuma yangu hapa Huruma. Nilimkuta akifua, na kile kibuyu, alichokitoa njiani baada ya breki akashona gunia upya kwa uzi wa mama yake, kilikuwa kimeegemea ukuta. Nilieleza yote, nikaomba msamaha, na aliendelea kufua mpaka nikamaliza.

"Umepekua gari yangu," akasema. "Umepiga sweta yangu picha. Kwani kuniuliza ingekuchukua dakika ngapi?"

Nilikichukua kibuyu cha mama yake nikatoka nacho.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulienda Kimumu pamoja. Kiprono alisimulia mwenyewe, kwa lugha yao, na mwalimu akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, maana mabasi mawili hayatengenezeki kabisa, na aliyashika mapajani. Hata hivyo aliandika barua ya kumsamehe, na Jumanne Kiprono akarudi kwenye gari lake. Kazi anafanya vizuri. Mchana anakula na wapakiaji. Mimi akiniona ananisalimu, "Habari, karani," anatia sahihi karatasi zake na kuondoka.

Juzi mama yake alituma kibuyu kingine, kwa mkono wa dereva mwingine, akisema eti kwa vile nilikipenda kile cha kwanza. Leo baada ya kanisa nilikibeba hadi mlangoni kwa Kiprono, nikamwomba tunywe pamoja. Alisema ameshiba. Nimerudi nacho chumbani na nimekunywa peke yangu, vikombe viwili. Ni tamu kweli, Mama Mutheu. Machozi yalinitoka.

Cheo changu usikitangaze kwanza huko Mwingi. Mama akiuliza, mwambie kazi inaendelea, na umsalimie sana. Msalimie ndugu yangu Kyalo na umwambie lile paa la jikoni lisingoje mvua, pia mjomba anayetulindia mbuzi, na jirani yetu mshona nguo ambaye bado namdai salamu. Mutheu mbusu kwa niaba yangu. Na wewe ukiandika, uniambie ungemwambia nini Kiprono kama ni wewe, maana kesho asubuhi nitamwona tena na sijui nianzie wapi.

Ni mimi mumeo ninayekukumbuka,
Baba Mutheu