Mwachie Mungu

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu, nikiomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na wale mapacha wanaonikatia vitambaa kila wakija. Kifua chako kimepona? Mimi mwili haujambo. Cherehani nayo ipo, ila siku hizi inakula uzi kama mbuzi. Moyo ndio ulionikalisha nikuandikie.

Tangu tumzike Mama umeniandikia mara nne kwamba dini ndiyo iliyomuua, na mara nne nimekujibu kifundi: nguo ikikatwa vibaya, kitambaa hakina kosa, alaumiwe aliyeshika mkasi. Ulinicheka, ukasema Shemasi wako hakosi jibu. Leo sina.

Malalamiko yako yaliwafikia wazee wa kanisa, na Jumapili baada ya ibada nikaitwa ofisini, chumba kile cha viti vya plastiki ambamo yametundikwa majoho ya kwaya niliyoyashona mwenyewe. Niliingia nikiwa na hakika kwamba Mchungaji atasema kweli. Nilimwamini kuliko nilivyokuamini wewe, Kaka. Mzee mmoja akamuuliza kama ni yeye aliyemkataza Mama vidonge vya presha. Akatabasamu, akasema yeye alitamka tu mwachie Mungu, neno analolisema kila mtu, hata aliyeachwa na basi. Kama binti wa marehemu alielewa kwamba dawa ziachwe, hayo ni masikio ya binti. Wazee wakacheka kidogo.

Mimi nilikuwepo siku ile Mchungaji alipokuja kumwombea Mama. Aliketi kitandani kwa Mama, akachukua boksi la vidonge, akaniwekea kiganjani, akavifumba vidole vyangu juu yake. Ndipo akasema mwachie Mungu. Neno dawa hakulitaja, na sasa naona kwa nini. Amenisaliti mtu ambaye ningemtetea mbele ya yeyote, na nimemtetea hata mbele yako.

Usifurahi mapema ukadhani nimehamia upande wako. Kina mama wa kwaya ndio waliomwogesha Mama wiki zake mbili za mwisho, wakapokezana bila kuombwa, na hiyo nayo ni dini. Siwezi kuitupa. Lakini lile jibu langu la kitambaa nalifuta. Kuna vitambaa vinavyorudi, vikapungua, vikiguswa na maji, na fundi mwenye akili huviloweka kwanza kabla hajavikata. Sisi tulifundishwa kwamba kuuliza ni kukosa imani. Mchungaji hakuleta neno geni nyumbani, alilikuta tayari midomoni mwetu.

Sasa lile ambalo halimo katika barua zangu zote nne. Wewe unajua kwamba Mama mwenyewe alikubali kuacha dawa, na mimi nilikuacha ujue hivyo. Si kweli. Siku ya tisa bila dawa, Alhamisi asubuhi, kichwa kilimwuma sana, akaniomba vidonge vyake. Aliniomba taratibu, kama mtu anayeomba maji. Vilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi, karibu na goti langu. Nilikuwa napinda joho. Sikuusimamisha hata mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani. Nikamwambia, Mama, mwachie Mungu. Akasema haya. Jumamosi kiharusi kikamwangusha.

Hayo niliwaeleza wazee palepale ofisini, na hapo hakuna aliyecheka. Mchungaji akanishika bega kwa upole, akaniambia nisijitese, nimwachie Mungu. Nikauondoa mkono wake, nikatoka, na sijarudi.

Kaka, lawama ipo ya kututosha sote: yake, ya wazee, hata ya mafundisho yenyewe. Yangu naomba unipe wewe, kwa sababu alikuwa mama yako pia na hukuwepo kumpa vile vidonge. Bado vimo kwenye droo. Nikitafuta bobini navigusa.

Msalimie wifi, na mapacha waambie vipande vya kuchezea nimewawekea. Ukiwa tayari, nijibu neno lolote, hata la kunikataa, nitalipokea. Ila lile la kumwachia Mungu usiniandikie.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Shemasi.